Police.uk: ramani ya uhalifu machoni pa mkazi wa mji mdogo wa Uingereza

Mtu wa kwetu anapopata kazi ya uuguzi au ya kutunza wazee katika mji mdogo wa Uingereza, akishaulizia mshahara na nyumba huulizia usalama wa mahali penyewe. Anataka kujua kama ataweza kutoka zamu ya usiku na kutembea hadi nyumbani, kama baiskeli itakutwa pale pale asubuhi, na kama watoto watacheza kwenye bustani ya mtaa bila kubughudhiwa. Ipo huduma moja ya umma, isiyolipiwa, ambayo watu wengi hukimbilia kupata jibu: tovuti ya Police.uk, ambayo huonyesha kwenye ramani makosa na kero zilizoandikwa na polisi mtaa kwa mtaa katika England, Wales na Ireland ya Kaskazini. Nimeitumia kwa ajili yangu mwenyewe na kwa ajili ya ndugu na marafiki waliokuwa wakifikiria kuhamia miji ya pwani ya mashariki na vijiji vinavyoizunguka. Maoni yangu, ambayo nitayaeleza kwa kirefu, ni kwamba tovuti hii humsaidia sana mkazi anayetaka kuwauliza polisi wake maswali ya maana, lakini humpotosha kwa urahisi anayetaka kuuhukumu mji kwa kuangalia idadi peke yake. Udhaifu wake mkubwa uko hasa katika jambo linalowasumbua watu wa miji midogo kuliko uhalifu mkubwa, yaani kelele, ulevi wa hadharani, vijana kuwatisha wapita njia, pikipiki kwenye njia za waenda kwa miguu, na majirani wasiojali.

Matumizi yake ni mepesi. Unaandika postikodi ya nyumba, na tovuti inakupeleka kwenye ukurasa wa eneo la polisi linalohusika, ambako utakuta ramani ya mwezi wa karibuni, picha na majina ya askari wa eneo, mambo waliyoyapa kipaumbele na tarehe za mikutano yao na wananchi. Makosa yamegawanywa katika makundi 14, kuanzia uvunjaji wa nyumba, wizi wa baiskeli na dawa za kulevya hadi unyang'anyi, wizi wa madukani na umiliki wa silaha. Taarifa hutolewa kwa mwezi mzima, na huchapishwa wiki kadhaa baada ya mwezi huo kwisha, kwa hiyo usitegemee kujua kilichotokea juzi. Anayependa kuchimba zaidi anaweza kupakua majedwali ya miaka mingi na kuyatumia apendavyo, kwa kuwa leseni yake ni huru. Jambo hili nalisifu kwa moyo mweupe. Si nchi nyingi zinazomruhusu mwananchi wa kawaida, tena mgeni, kuchukua kumbukumbu za polisi za mtaa wake bila kuomba kibali wala kueleza sababu.

Ramani za mitaa zilipozinduliwa mwanzoni mwa mwaka 2011, watu walizivamia kwa wingi kiasi kwamba tovuti ililemewa siku ile ile ya kwanza. Siku chache baadaye malalamiko yakaanza. Mtaa mmoja mfupi wa Portsmouth, Surrey Street, ulijikuta ukitajwa kwenye vyombo vya habari kuwa miongoni mwa mitaa yenye uhalifu mwingi kuliko yote, ingawa ni mtaa mdogo wa katikati ya mji wenye majengo machache tu. Kilichotokea ni kwamba matukio ya sehemu za jirani yalirundikwa kwenye alama moja. Kisa hiki ni cha zamani, na mfumo umerekebishwa tangu wakati huo, lakini msingi uliosababisha mkanganyiko ule bado upo, tena upo kwa sababu nzuri.

Sababu yenyewe ni kulinda faragha ya aliyefanyiwa kosa. Ramani haionyeshi mahali halisi tukio lilipotokea. Ipo orodha ya alama zaidi ya 750,000 zilizopangwa nchi nzima, nyingi zikiwa katikati ya barabara, nyingine kwenye maegesho, bustani, vituo vya mafuta, hospitali, maduka makubwa na vilabu vya usiku, na kila tukio hubandikwa kwenye alama iliyo karibu nalo. Eneo la kila alama lazima liwe na anwani zisizopungua 8, au lisiwe na anwani yoyote kabisa, ili mtu asiweze kujua ni nyumba ipi iliyovunjwa au ni familia ipi iliyomwita polisi usiku. Katika jiji, ambako nyumba 8 hupatikana ndani ya hatua chache, utaratibu huu haubadilishi picha sana. Kijijini mambo ni tofauti, kwa maana nyumba zimetawanyika, na tukio la shamba lililo mbali linaweza kuonekana kana kwamba limetokea karibu na kanisa au mbele ya baa. Ndiyo maana maneno yanayoambatana na kila alama husema kosa limetokea mahali fulani au karibu na hapo, na msomaji wa kijijini anapaswa kulitilia uzito neno "karibu" kuliko jina la barabara linalotajwa.

Nikimwonyesha mtu ramani hii kwa mara ya kwanza, kinachomshtua karibu kila mara ni kundi la ukatili na makosa ya kujamiiana. Katika miji mingi midogo ndilo kundi lenye idadi kubwa kuliko mengine, na mgeni hujenga picha ya watu wanaopigana ngumi barabarani au wanaovizia wapita njia gizani. Kundi hilo limebeba mambo mengi yasiyofanana. Ndani yake kuna mashambulizi yaliyomjeruhi mtu, na kuna yasiyomwachia hata mkwaruzo. Kuna kumfuatafuata mtu na kumsumbua. Na kuna ujumbe wa vitisho au matusi uliotumwa kwa simu au mtandaoni, ambao tangu mwaka 2015 huhesabiwa humo. Takribani theluthi moja ya makosa ya ukatili yanayoandikwa na polisi huhusu watu wa familia moja au wapenzi, yaani hutokea nyuma ya milango iliyofungwa. Hayo si madogo hata kidogo, na mwanamke anayepigwa nyumbani kwake ana haki ya kuhesabiwa kama mwingine yeyote. Ninachosema ni kwamba anayetaka kujua kama atakuwa salama akitembea kutoka kituo cha basi saa nne usiku hatalipata jibu katika tarakimu hiyo, na tovuti haimsaidii kuzitenganisha sehemu zake. Ningependa sana kuona kundi hili likigawanywa, angalau kati ya majeraha, vitisho na makosa ya kujamiiana, maana taarifa za kuligawanya polisi wanazo.

Wizi wa madukani nao unahitaji jicho la uangalifu. Katika mwaka 2024 polisi wa England na Wales waliandika makosa zaidi ya 516,000 ya aina hii, idadi iliyokuwa kubwa kuliko zote hadi wakati huo tangu utaratibu wa sasa wa kuyaandika uanze mwaka 2003. Katika mji wenye duka kubwa moja, ongezeko hilo la kitaifa hujikusanya juu ya alama moja, na mtaa wenye duka hilo huonekana kama pango la wezi. Ongezeko ni la kweli, na wafanyakazi wa maduka, ambao miongoni mwao wamo watu wetu wengi, wanalihisi kila siku kwa kutukanwa na kusukumwa. Hata hivyo idadi inayoonekana hutegemea pia bidii ya meneja wa duka katika kuripoti: duka lenye kamera na mtumishi wa kujaza fomu litaonyesha makosa mengi, na duka dogo la kona ambalo mwenyewe amekata tamaa ya kupiga simu litaonekana halina tatizo lolote. Kwa hiyo ramani inayoonyesha kupungua kwa wizi katika kijiji haikuambii kama wezi wamepungua au mwenye duka amechoka.

Sasa nifikie tabia zinazokera jamii, ambazo ndizo zilizonifanya niandike. Sheria za Uingereza zimezishughulikia kwa muda mrefu, kwanza kwa amri maalumu za mahakama zilizoanzishwa na sheria ya mwaka 1998, kisha kwa sheria ya mwaka 2014 iliyofuta amri hizo na kuleta hatua nyingine, zikiwemo ilani kwa wanaowaudhi wenzao, amri za kufunga nyumba yenye vurugu, na amri za halmashauri zinazoweza kuzuia, kwa mfano, ulevi wa hadharani katika eneo fulani. Polisi huzigawa kero hizi katika aina tatu: zinazomlenga mtu au familia mahususi, zinazosumbua mtaa kwa jumla, na zinazoharibu mazingira. Mgawanyo huo ni wa maana sana. Mzee anayetupiwa mayai dirishani kila Ijumaa kwa sababu ya rangi yake au ulemavu wake yuko katika hatari ya aina tofauti kabisa na mtaa unaolalamikia vijana wanaocheza muziki kwenye maegesho. Katika ramani ya Police.uk wote wawili wanaonekana chini ya jina moja, kwa alama ile ile, bila tofauti yoyote.

Upungufu wa pili ni mzito zaidi. Ukibonyeza kosa la uvunjaji wa nyumba, tovuti hukueleza limefikia wapi: kama uchunguzi unaendelea, kama jalada limefungwa bila mtuhumiwa kutambuliwa, kama mtu amepewa onyo rasmi, au kama kesi inasubiri uamuzi wa mahakama. Ukibonyeza kero ya mtaani hupati chochote, kwa kuwa kwa mujibu wa kanuni za uandishi kero huhesabiwa kuwa tukio tu, na tukio lisilo kosa la jinai halina hatima inayochapishwa. Naielewa hoja ya kisheria. Lakini kwa mkazi wa mji mdogo, ambako huenda mwezi mzima ukapita bila nyumba hata moja kuvunjwa huku matukio kadhaa ya kero yakiandikwa, maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya yale aliyoyaripoti haina jibu popote. Anaona tu kwamba simu yake imegeuka kuwa nukta. Hajui kama askari alifika, kama wazazi wa vijana waliitwa, wala kama halmashauri iliandika barua. Baada ya miezi michache ya namna hiyo watu wengi huacha kupiga simu, na nukta hupungua.

Na zimepungua kweli. Katika mwaka wa takwimu wa 2007/08 polisi wa England na Wales waliandika matukio ya kero yapatayo milioni 4. Katika miaka ya karibuni idadi imekuwa ikikaribia milioni 1. Anayeuona mteremko huo peke yake atadhani nchi imetulia. Utafiti wa taifa wa uhalifu, ambao huwauliza wananchi moja kwa moja badala ya kutegemea vitabu vya polisi, unaonyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya watu wameona au wamepatwa na tabia hizi katika maeneo yao ndani ya mwaka mmoja. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na mambo ambayo zamani yaliandikwa kama kero na sasa huandikwa kama makosa, hasa kusumbuana na kuvuruga utulivu wa umma. Sehemu nyingine inatokana na watu kukata tamaa. Kisha ukaja mwaka 2020, ambapo idadi ya kero ilipanda ghafla majira ya kuchipua, kwa kuwa taarifa nyingi za watu kuvunja masharti ya korona ziliingizwa humo. Anayechora mwelekeo wa kijiji chake akiuanzia Aprili 2020 atapata mteremko mzuri sana ambao hauna uhusiano wowote na tabia za vijana wa kijiji hicho.

Mfano ninaoutoa mara kwa mara ni mji wa Cromer, kwenye pwani ya kaskazini ya Norfolk, wenye wakazi chini ya 8,000, unaojulikana kwa kaa wake na kwa gati lenye ukumbi wa maonyesho mwishoni mwake. Agosti 2017, katikati ya msimu wa watalii, mji huo ulipata wikiendi ya vurugu zilizofanywa na kundi la watu waliotoka nje ya mji, hata baadhi ya baa na mikahawa ikafunga milango mapema jioni ya Jumamosi, jambo ambalo kwa mji unaoishi kwa fedha za kiangazi ni hasara kubwa. Polisi wa Norfolk mwanzoni waliieleza hali hiyo kuwa fujo za kiwango cha chini. Wenyeji walipaza sauti, na baadaye mkuu wa jeshi hilo alikiri hadharani kwamba uzito wa tukio haukupimwa sawasawa. Fikiria msomaji anayeifungua kumbukumbu ya Agosti 2017 bila kujua historia hiyo. Atakuta makosa ya mwezi mzima yakiwa pamoja, kwa kuwa siku na saa hazichapishwi, na hataweza kujua kama fujo hizo zilitokea ndani ya siku tatu mfululizo au zilitawanyika kila usiku wa mwezi. Akiulinganisha mji huo na kijiji cha ndani chenye idadi ileile ya watu, atakosea pia, kwa sababu kiwango cha uhalifu hugawanywa kwa wakazi waliohesabiwa katika sensa, ilhali Agosti mji wa pwani hulisha, hulaza na huegeshea magari ya maelfu ya wageni wasiohesabiwa. Mji wa namna hiyo huonekana hatari kuliko ulivyo majira ya kiangazi, na huonekana umetulia mno Februari.

Uchache wenyewe wa idadi ni mtego mwingine. Kijiji kilichovunjwa nyumba mbili mwaka jana na nne mwaka huu kinaweza kutangaziwa ongezeko la asilimia 100, na taarifa hiyo ikisomwa kwenye kikao cha baraza la kijiji huwatia watu hofu ya kweli, huenda kwa sababu ya mwizi mmoja aliyepita usiku mmoja na kuvunja vibanda vya bustani vitatu. Kwa mahali padogo napendekeza kuangalia angalau miaka mitatu, kulinganisha miezi ya majira yaleyale, na kuachana kabisa na asilimia pale ambapo hesabu yenyewe haizidi vidole vya mikono. Tovuti ingeweza kutoa onyo la namna hiyo mbele ya msomaji, kwenye ukurasa wenyewe wa ramani, badala ya kuyaacha maelezo ya njia zake kwenye kurasa ambazo watu wachache huzifikia.

Yako pia mambo ambayo hayamo kabisa. Ulaghai, ambao kwa mujibu wa utafiti wa taifa hufikia takribani asilimia 40 ya makosa yote yanayowapata watu wazima, huripotiwa kwenye huduma ya kitaifa na hauonekani kwenye ramani ya mtaa. Mzee wa kijijini anayepoteza akiba yake kwa mtu aliyempigia simu akijifanya ofisa wa benki hana nukta. Utupaji wa taka ovyo kwenye njia za mashambani hushughulikiwa zaidi na halmashauri, hivyo takwimu zake ziko kwingine. Uwindaji haramu wa sungura pori kwa mbwa, ambao huyasumbua mashamba ya mashariki ya England kila baada ya mavuno, ukiambatana na vitisho kwa wakulima na magari yanayokanyaga mazao, kwa sehemu kubwa hauingii katika makosa ambayo polisi wanalazimika kuyahesabu kitaifa. Wizi wa matrekta na vifaa vya kuongozea kwa setilaiti huhesabiwa, lakini umefichwa ndani ya makundi ya jumla. Mkulima anayesoma ramani hii haoni maisha yake humo.

Kwa msomaji mweusi au Mwislamu lipo pengo lingine ambalo siwezi kulipita kimya. Makosa ya chuki hayana kundi lake kwenye ramani. Aliyetukanwa kwa rangi yake mbele ya duka ataonekana chini ya makosa dhidi ya utulivu wa umma, aliyevunjiwa dirisha chini ya uharibifu wa mali, na aliyepigwa chini ya ukatili. Polisi huweka alama ya chuki kwenye jalada lake, na takwimu za kitaifa hutolewa kila mwaka, lakini mkazi hawezi kuona kama mji wake unazidi kuwa mgumu kwa watu wa asili yake. Baada ya ghasia dhidi ya wahamiaji na Waislamu za kiangazi cha mwaka 2024, ambazo zilianza katika mji wa Southport na kusambaa hadi miji mingi, swali hilo halikuwa la nadharia kwa wafanyakazi wa hospitali na nyumba za wazee waliosindikizwa kwenda kazini. Naelewa kwamba katika kijiji chenye familia mbili za Kiafrika, kuchapisha alama hiyo kunaweza kumtambulisha aliyedhurika. Suluhisho linaweza kuwa kuonyesha takwimu hizo kwa wilaya na kwa mwaka, si kwa mtaa na kwa mwezi.

Ubora wa kumbukumbu zenyewe pia haulingani kila mahali. Mwaka 2014 ukaguzi rasmi wa polisi uligundua kwamba takribani kosa moja kati ya matano yaliyoripotiwa halikuandikwa, na mwaka huohuo takwimu za polisi zikaondolewa hadhi ya takwimu rasmi za taifa. Tangu hapo uandishi umeboreshwa, nako kuboreshwa huko kumepandisha idadi, hasa ya ukatili, hata pale ambapo hali haikubadilika. Na kuanzia Julai 2019, kwa sababu ya mfumo mpya wa kompyuta, Polisi wa Greater Manchester hawakuwasilisha takwimu zao za uhalifu kwenye tovuti hii kwa muda mrefu, na vijiji vinavyopakana na Manchester vikabaki na nafasi tupu. Nafasi tupu kwenye ramani ya uhalifu ni rahisi sana kusomeka kama amani.

Pamoja na hayo yote ninaendelea kuwashauri watu waitumie, kwa sababu ya upande ambao haupewi sifa inayostahili, yaani ukurasa wa timu ya askari wa eneo. Hapo ndipo mwananchi anapata jina la askari wake na njia ya kumwandikia, na hapo ndipo timu inapotangaza vipaumbele vyake, kwa mfano mwendo kasi mbele ya shule au uharibifu kwenye bustani ya kijiji. Aliyezoea mkaguzi wa polisi wa kata nchini Tanzania au utaratibu wa Nyumba Kumi nchini Kenya ataelewa mara moja umuhimu wa kumjua askari kwa jina. Uingereza nayo ina desturi yake ya wananchi kushirikiana na polisi: ulinzi wa majirani ulianza mwaka 1982 katika kijiji cha Mollington, Cheshire, na vibao vyake bado vinaonekana kwenye nguzo za mitaa mingi. Kilichodhoofika ni upande wa polisi. Mwaka 2018 Norfolk ilikuwa ya kwanza katika England na Wales kuondoa nafasi zote za maofisa wasaidizi wa jamii, wale waliotembea kwa miguu na kuwajua vijana kwa majina, ili fedha zao ziajiri askari kamili. Mwaka 2025 serikali iliahidi kwamba kila eneo litakuwa na askari wanaojulikana kwa majina na wanaofikika, na kwamba maswali ya wananchi kwa timu hizo yatajibiwa ndani ya saa 72. Ukurasa wa eneo lako ndio mahali pa kuipima ahadi hiyo. Ukikuta kipaumbele kilichoandikwa zamani na mkutano uliopita miezi mingi iliyopita, una jambo la kuuliza.

Kwa hiyo namna ninayopendekeza kuitumia ni hii. Anayetafuta nyumba aitazame ramani kwa ajili ya mambo machache inayoyaonyesha vizuri, hasa uvunjaji wa nyumba, wizi wa baiskeli na makosa ya magari, kwa miaka mitatu mfululizo, kisha aende mwenyewe mtaani jioni ya Ijumaa na kuzungumza na mwenye duka. Anayeishi hapo tayari na kusumbuliwa aripoti kila mara, kwa 999 palipo na hatari ya papo hapo na kwa 101 au fomu ya mtandaoni kwa mengine. Simu ya 101 hailipiwi tangu mwaka 2020. Anayeogopa kujulikana anaweza kupiga Crimestoppers, 0800 555 111, ambao ni shirika la hisani na hawaulizi jina. Aombe namba ya kumbukumbu kila anaporipoti na kuiandika pamoja na tarehe na saa, kwa kuwa tarehe na saa ndizo ambazo ramani haitamtunzia.

Namba hizo zina kazi kubwa. Sheria ya mwaka 2014 inampa aliyeripoti kero mara tatu ndani ya miezi sita, kila mara ndani ya mwezi mmoja tangu tukio litokee, haki ya kudai kwamba polisi, halmashauri na wenye nyumba za kupangisha za umma waketi pamoja, wapitie upya shauri lake, na wamjibu kwa maandishi. Maeneo mengine yameweka masharti mepesi zaidi ya hayo. Haki hii haihitaji wakili wala malipo, na haijali mtu ana uraia au kibali cha kazi. Ombi hupelekwa kwa halmashauri ya wilaya au kwa polisi, nayo fomu hupatikana kwenye tovuti zao. Kwa sasa ukurasa wa ramani, unapoonyesha nukta za kero, haumpeleki msomaji kwenye fomu hiyo. Kiungo kimoja tu hapo, kando ya kila nukta, kingewafaa wakazi wa miji midogo kuliko rangi na michoro yote iliyoongezwa tangu mwaka 2011.